Mtoto yuko Reception au Year 1 England? Jinsi ya kwenda sambamba na foniksi ya shule bila kumchanganya

Hii nawaandikia wazazi wenzangu tunaoongea Kiswahili na tuna watoto wadogo kwenye shule za England, Reception (darasa la mwanzo kabisa, miaka 4 mpaka 5) na Year 1 inayofuata. Mtoto anarudi na kijitabu chembamba kwenye begi, ndani sentensi zenyewe ni Sam sat, Pip sat, basi, na wewe unabaki unajiuliza hii ndo kusoma gani na kwa nini mwalimu hataki tuanze na ABC kama tulivyoanza sisi. Sababu ipo na mwalimu hajajitungia, iko kwenye sera ya serikali. Ukishajua sera inataka nini kazi ya nyumbani inakuwa nyepesi kabisa, usipojua unaweza ukajitahidi kila jioni kwa moyo wote na kumbe unamvuta mtoto upande mwingine na shule inamvuta upande mwingine, katikati anaumia yeye.

Nasema England makusudi. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana mitaala yao na hii cheki ya Year 1 nitakayoieleza huko chini hawana, kwa hiyo kama uko Glasgow au Cardiff sehemu ya kufundishia nyumbani itakufaa ila hizi habari za sheria uliza shuleni kwenu.

Serikali imeamua nini hasa

Imeamua kwamba mtoto afundishwe kusoma kwa sauti za herufi, ndiyo hiyo foniksi, kwa mpangilio, kuanzia wiki za mwanzo za Reception, kila siku. Anajifunza sauti chache, anafundishwa herufi inayoandika kila sauti, na papo hapo anaanza kuziunganisha mpaka neno linatoka, s-a-t, sat. Kukisia neno kwa kuangalia picha hakuna, kukariri umbo la neno zima nako karibu hakuna.

Haikuwa hivi siku zote na inasaidia kujua, maana utakutana na mzee wa Kiingereza jirani yako atakwambia mbona sisi hatukufundishwa hivyo. Mwaka 1998 serikali ilileta mkakati wa kitaifa wa kusoma na kuandika na foniksi ilikuwemo lakini kama njia mojawapo tu, mtoto akikwama aliambiwa pia aangalie picha, asome sentensi yote akisie neno gani linafaa hapo. Halafu 2005 ikatoka ripoti ya utafiti uliofanyika Clackmannanshire kule Scotland, watoto walifuatiliwa kwa miaka 7, na waliofundishwa kuunganisha sauti walionekana kuwa mbele sana kwenye kusoma maneno na kuandika tahajia, kwenye kuelewa walichosoma ile tofauti ilikuwa ndogo (hili la kuelewa likumbuke, nitalirudia). Wakati huohuo serikali ikampa Jim Rose kazi ya kuangalia ufundishaji wote wa kusoma, ripoti yake ikatoka 2006 na ikasema foniksi ya kuunganisha sauti iwe njia kuu. Mwaka 2007 serikali ikatoa mpango wake wenyewe, Letters and Sounds, una hatua 6, shule zikaupata bure. 2012 ikaanza cheki ya kitaifa ya foniksi kwa watoto wa Year 1. Septemba 2014 mtaala mpya ukaanza kutumika na foniksi imetajwa wazi humo ndani. 2019 wakaguzi wa Ofsted wakaanza kuangalia kusoma kwa watoto wadogo kwenye kila ukaguzi wa shule ya msingi, wakawa wanakaa na kusikiliza hasa wale watoto wanaosoma kwa shida.

Sasa hapa ndo penye jambo linalokuhusu moja kwa moja. Mwaka 2021 wizara ya elimu ilitoa mwongozo mkubwa wa kusoma na ikafungua orodha ya programu za foniksi zilizokaguliwa upya na kupitishwa. Ule mpango wao wa 2007 haukuingia, kwa sababu ulikuwa mwongozo tu, hauna vitabu vyake, hauna vifaa, hauna mafunzo ya walimu ya kutosha, kila shule ilikuwa inajazia yake. Wakataka programu kamili, yenye mpangilio wa sauti toka mwanzo mpaka mwisho, vitabu vinavyoendana na sauti alizofundishwa mtoto, na msaada kwa anayebaki nyuma. Orodha ilipofungwa 2022 ilikuwa na programu zaidi ya 40. Shule hailazimishwi kuchukua iliyoko kwenye orodha, watu wengi wanakosea hapo, inachotakiwa ni kufundisha foniksi kwa mpangilio na kwa uthabiti, ila shule nyingi zimechagua humo.

Hatua ya kwanza kabisa: uliza jina la programu

Kabla hujanunua kadi, kabla hujapakua app, kabla hujafungua video yoyote, mwambie mwalimu naomba kujua shule inatumia programu gani ya foniksi. Swali dogo sana na wazazi wengi hawaliulizi. Au ingia kwenye tovuti ya shule, upande wa mtaala, shule za serikali zinatakiwa kuandika hapo ni programu gani wanatumia kwa watoto wadogo.

Kwa nini ni muhimu hivyo? Kwa sababu mpangilio hautofautiani kidogo, unatofautiana sana. Read Write Inc. ya Ruth Miskin inaanza na m, a, s, d, t. Little Wandle inaanza s, a, t, p, i, n. Hata lugha ya darasani ni tofauti, wa Read Write Inc. atakuja nyumbani anakwambia habari za Fred, huyo ni chura wa kuchezea ambaye anaongea kwa sauti tu, na maneno yasiyofuata kanuni kama said na was kwao ni maneno mekundu, wakati mwenzake wa Little Wandle atayaita tricky words. Sasa mzazi anaona kwenye mtandao kuna video nzuri ya programu ya tatu anamwekea mtoto, ile video inafundisha sauti ambazo darasani watafika mwezi wa tatu, au inazitaja kwa namna nyingine, na mtoto wa miaka minne hana uwezo wa kukwambia baba mnanichanganya. Atanyamaza tu au atachoka na kusoma.

Kwa hiyo moja tu. Ile ya shule. Ukishapata jina tafuta video za matamshi za programu hiyohiyo, programu kubwa zinazo na ziko wazi kwa wazazi, angalia wewe kwanza peke yako mtoto akiwa amelala. Na ule mkutano wa wazazi wa Reception kuhusu kusoma, unaofanyika mara nyingi muhula wa kwanza, omba ruhusa kazini uende, hata ukikaa nyuma kabisa. Pale mwalimu anaonyesha anavyotamka na unaweza kumuuliza papo hapo.

Hatua ya pili: sauti, sio jina la herufi

Hapa ndo pa kutulia maana sisi waswahili tuna ugumu wetu hapa na pia tuna bahati yetu.

Ugumu ni huu. Lugha yetu karibu kila silabi inaishia na irabu, na shuleni wengi tulisoma ba be bi bo bu, kwa hiyo ukimwona b kinywa chenyewe kinasema "ba" au "be". Mtoto akiunganisha c-a-t kwa sauti zako anapata "ka-a-ta" na hapo cat haitoki kamwe, haijalishi atarudia mara ngapi. Wengine wanasema majina ya Kiingereza, sii-ei-tii, nayo hayajengi neno. Foniksi inataka sauti tupu. M ni midomo imefungwa mmm, sio ma wala em. S ni sss. Zile zinazovutika zivute, f, l, m, n, r, s, v, z. Zile zinazokatika, yaani b, d, g, k, p, t, zitamke haraka na kwa sauti ndogo ili irabu isipate nafasi ya kuingia nyuma yake. P na t na k hazihitaji koo kabisa, ni pumzi tu.

Ukitaka kujisahihisha chukua maneno yetu. M ya mwanzo wa neno mtu, hiyo ndiyo m yenyewe, haina irabu. N ya nchi ndiyo n yenyewe. Sema mtu taratibu, simama kwenye m, hapo umeipata.

Na bahati yetu ni kwamba kuna sauti zinazowatesa watu wa lugha nyingi na sisi tunazo tangu utotoni. Mtoto akifika kwenye th utaona kuna mbili, ile ya thin ni th ya thelathini, na ile ya this ni dh ya dhahabu, zimekaa tayari. Ile ng ya mwisho wa sing ni ng' ya ng'ombe. Ch ya chai, sh ya shule, vilevile. Na wazo zima la herufi mbili kuandika sauti moja, ambalo darasani hutumia wiki nyingi kulizoesha, kwetu ni kawaida, mzazi yeyote aliyesoma Kiswahili hawezi kushangaa kwamba s na h wakikaa pamoja wanakuwa sauti nyingine. Mwambie mtoto hivyo, mwonyeshe kwamba hata lugha ya bibi inafanya hivyo, anafurahi sana.

Irabu ndo kazi. Sisi tunazo 5, wao wana herufi hizohizo 5 lakini sauti za irabu ni karibu 20, na ndo maana kwa jumla foniksi inazungumzia sauti kama 44 kwa herufi 26. Cat, cut na cart kwenye kinywa chetu huwa zinakaribiana sana, ship na sheep pia, full na fool, cot na coat. Ushauri wangu hapa ni usilazimishe. Usiyoweza kuitamka mwachie mwalimu, wewe weka ile video ya programu, au mwambie mtoto akufundishe wewe, unifundishe hii inatamkwaje, na umsikilize kweli. Anaisikia kila siku darasani atakutolea vizuri kuliko unavyodhani. Usibishane naye kwamba inatamkwa hivi. Na usione aibu ya lafudhi, waingereza wenyewe wa kaskazini na kusini hawatamki cup wala bath sawasawa na wote watoto wao wanasoma.

Hatua ya tatu: kuunganisha, na hii unaweza kuifanya kwa Kiswahili

Kujua sauti peke yake hakutoshi, kuna watoto wanajua kadi zote na neno halitoki. Kuunganisha ni ujuzi wake na unaanza masikioni kabla ya karatasi. Mnapopika au mnapotembea sema neno kwa vipande na yeye alikamate: niletee k-o-ti. Gusa p-u-a. Wapi s-i-k-i-o? Anza na vipande vikubwa halafu punguza mpaka sauti moja moja. Ukifanya kwa Kiswahili hujamharibia kitu, sikio linalojua kukata na kuunga sauti ni lilelile kwenye lugha yoyote, watafiti wa kusoma wanakubaliana kwamba ujuzi huu unahama toka lugha moja kwenda nyingine. Kisha fanya na maneno ya Kiingereza mafupi, d-o-g, s-u-n, f-i-sh.

Akishaanza kusoma kwenye karatasi kidole kinapita chini ya kila sauti, sio kila herufi, kwa hiyo kwenye ship kidole kinagusa mara tatu, sh, i, p. Akikwama usimpe neno haraka na tafadhali usimwambie angalia picha. Mwambie tuseme sauti zake tena, wewe ukianza naye, halafu mziunganishe bila kuacha nafasi katikati, ssssaaat. Pengo kati ya sauti ndo linaloua neno.

Na kinyume chake ni kuandika: neno umelitamka wewe, yeye analikata kwa vidole, kidole kimoja sauti moja, halafu anaandika. Hii wazazi tunaisahau lakini kwenye foniksi kusoma na kuandika vinakwenda pamoja.

Kuhusu vile vijitabu

Shule inayofuata mwongozo humpa mtoto kitabu ambacho karibu maneno yote yanasomeka kwa sauti alizokwisha fundishwa. Ndo maana hadithi ni nyepesi. Mzazi anaona kitabu rahisi, mtoto amekisoma jana na leo amerudi nacho tena, anakasirika anaandika ujumbe shuleni tunaomba kitabu kigumu. Subiri kwanza. Kukirudia ni sehemu ya mpango, mara ya kwanza anatumia nguvu zote kutoa maneno, mara ya pili anasoma bila kukata, mara ya tatu ndo anasoma kama mtu anayeongea na hapo hata maana inaingia. Cha kuwa na wasiwasi nacho ni kinyume, kitabu ambacho kila mstari anakwama. Hicho hakimfai, mwandikie mwalimu umwambie sauti gani zinamshinda, usimwambie tu ni kigumu, mtajie sauti zenyewe, hapo mwalimu anaelewa mara moja.

Shule nyingi zinatoa na kitabu cha pili, cha kawaida, cha kusomewa. Hicho mtoto hatakiwi kukisoma yeye, unamsomea wewe. Nimeona wazazi wanamlazimisha mtoto wa Reception asome hicho na machozi yanamtoka, jamani sio chake bado, mpakateni mkisome kwa raha.

Dakika kumi za kijitabu cha foniksi zinatosha kwa siku, kabla ya uchovu. Siku tano za dakika kumi zinashinda Jumapili moja ya saa zima.

Cheki ya Year 1, usiiogope lakini ijue

Mwezi wa 6 kila mwaka, mtoto wa Year 1 anakaa na mwalimu anayemfahamu, wawili tu, anasoma maneno 40. Ishirini ni maneno ya kweli na 20 ni bandia, hayana maana yoyote, pembeni yake kuna picha ya kiumbe wa ajabu ili mtoto ajue hili ni jina la yule kiumbe na sio neno. Dakika chache tu imekwisha. Toka 2012 alama ya kufaulu imekuwa 32, ingawa siku hizi inatangazwa baada ya cheki na sio kabla. Shule za serikali zote zinafanya, na zile zinazoitwa academy pia, shule za binafsi hazilazimiki.

Maneno bandia yanawaudhi wazazi wengi, kwa nini mtoto wangu asome upuuzi. Sababu ni kwamba neno bandia haliwezi kukaririwa, akilisoma vom au shab umejua kweli anaunganisha sauti. Na cha kushangaza wanaoangukia hapo mara nyingi ni watoto wanaosoma vizuri tayari kwa kukariri, anaona strom anasoma storm kwa sababu akili inatafuta neno analolijua. Kwa watoto wetu naona hapa wako sawa na wenzao kabisa, neno bandia ni geni kwa kila mtu darasani, aliyezaliwa na Kiingereza na asiyezaliwa nacho. Na matokeo ya kitaifa yanaonyesha hivyo, watoto ambao Kiingereza sio lugha ya nyumbani wanapata karibu sawa na wale ambao ni lugha yao. Hilo mzazi ulishike, ukisikia mtu anakwambia mtoto wako amechelewa kwa sababu mnaongea Kiswahili nyumbani.

Mazoezi ya nyumbani: tunga maneno bandia machache kwa sauti anazozijua, mfanye mchezo, mwambie mapema haya hayana maana. Usimfundishe orodha za cheki za miaka iliyopita kama mtihani, akizikariri umepoteza kile ambacho cheki inatafuta, yaani kujua nani anahitaji msaada. Lafudhi haimwangushi, maelekezo ya mwalimu yanasema tofauti za matamshi zinazotokana na lafudhi zizingatiwe. Na kama mmefika nchini juzi na mtoto hajajua hata herufi za Kiingereza, mwalimu mkuu anaweza kuamua asifanye mwaka huo, ila ulizia mpango wao wa kumsaidia ni upi.

Shule inatakiwa kukupa matokeo kabla muhula wa kiangazi haujaisha. Asipofikia alama hiyo, anaifanya cheki tena akiwa Year 2 na katikati shule inatakiwa impe msaada wa ziada. Omba kujua ni msaada gani, nani anautoa, mara ngapi kwa wiki. Kwa takwimu, mwaka wa kwanza, 2012, waliofikia walikuwa 58%, 2019 walifika 82%, baada ya korona 2022 wakashuka 75%, na 2024 walikuwa 80%. Maana yake siku hizi karibu mtoto mmoja katika watano hafikii, mwanao akiwa mmojawapo hayuko peke yake na hajafeli maisha, ila usikae kimya.

Kitu ambacho foniksi haikipi

Hii ndo nilisema nitairudia. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kusoma ni vitu viwili vinavyozidishana, kutoa neno kwenye maandishi na kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sera ya England imejengwa juu ya wazo hilo, na foniksi inashughulikia nusu ya kwanza tu. Kuna mabishano makubwa hapa, mwaka 2022 Dominic Wyse na Alice Bradbury wa UCL, chuo kikuu kimoja cha London, walitoa utafiti wakisema England imeegemea mno foniksi peke yake na kwamba ichanganywe zaidi na kusoma vitabu halisi kwa maana. Serikali nayo inaonyesha matokeo ya PIRLS ya 2021, mtihani wa kimataifa wa kusoma, England ilishika nafasi ya 4 kati ya nchi 43. Mimi kwa upande wangu naona kwa kutoa maneno njia hii inafanya kazi na siwezi kushauri mzazi apambane nayo, lakini nusu ya pili shule haiwezi kuimaliza peke yake, na nusu ya pili ni maneno, hadithi, maswali, mazungumzo.

Na hapo lugha ya nguvu ni ile unayoijua wewe. Mzazi anayeacha Kiswahili na kumwongelesha mtoto Kiingereza cha kuungaunga anampa maneno machache kuliko aliyokuwa nayo. Msimulie hadithi za sungura na fisi kwa Kiswahili kizima, muulize kwa nini sungura alifanya hivyo, unadhani nini kitatokea, mpe vitendawili, mweleze kazi yako, mgombane kidogo kwa hoja. Mtoto anayejua kiu, ukame, tamaa, ujanja kwa Kiswahili anahitaji tu jina jipya la Kiingereza, wazo analo. Mwalimu akikushauri muache lugha yenu, mjibu kwa heshima kwamba mwongozo wa kisheria wa watoto wadogo wa England, ule wa EYFS, unasema shule zichukue hatua za kuwapa watoto nafasi ya kukuza na kutumia lugha ya nyumbani kwenye kucheza na kujifunza. Imeandikwa.

Kusoma kwa Kiswahili je? Mfundishe ndiyo, na ni rahisi maana sisi herufi inasomeka vilevile siku zote. Ila mimi ningesubiri mpaka sauti za Reception zikae imara ndo nianze, kwa sababu ya irabu, i ya Kiswahili wao mara nyingi wanaiandika ee, na mtoto asiyekaa sawa bado anaweza kuchanganya. Ukianza, tenga vitabu na muda, huu ni wakati wa Kiswahili, ule wa Kiingereza. Wanazoea haraka.

Akikwama kabisa

Kwanza masikio. Watoto wadogo wengi hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio baada ya mafua, wanasikia kwa ukungu, na asiyesikia tofauti ya f na th hawezi kujifunza foniksi hata mwalimu awe bingwa. Mwone daktari wako wa GP. Macho pia. Halafu omba kukaa na mwalimu na umuulize swali lenye jibu: ni sauti zipi anazijua, zipi hazijui, na anapata vipindi vya kumwinua kila siku au mara moja moja. Shule zenye programu nzuri zinampima mtoto kila wiki kadhaa kwa hiyo majibu wanayo. Ikipita muhula na hakuna mabadiliko omba kuongea na SENCO, yule anayesimamia mahitaji maalum, na andika kwa barua pepe ili kumbukumbu iwepo. Kiingereza chako kikiwa kidogo omba mkalimani au nenda na ndugu, sio mtoto mwenyewe akukalimanie mambo yake.

Na kwa wale ambao mtoto amekuja mkubwa, kaingia Year 4 au Year 5 moja kwa moja toka nyumbani na kusoma Kiingereza kunamshinda, foniksi haijampita. Mwongozo wa wizara ulipoongezwa 2023 umezungumzia pia watoto wakubwa wasiosoma bado, unataka wafundishwe kuunganisha sauti na wao. Sasa ukienda shuleni uliza vitu viwili: wanatumia programu gani kwa wakubwa, na vitabu vyake ni vya umri wake au vya watoto wa Reception, maana kijana wa miaka kumi ukimpa Sam sat mbele ya wenzake hatakifungua, na vitabu vya sauti rahisi vyenye hadithi za umri wake vipo, shule iviagize.